Je, Hofu Yaweza Kufunza Wema?

Mwanadamu hufundishwa na walimu wawili tangu siku anayoanza kutambaa. Mmoja ni mapenzi na wa pili ni hofu. Mapenzi humwonyesha jambo la kufuata, na hofu humwonyesha jambo la kukimbia. Wote wawili wana kazi yao katika maisha, wala sidhani kama yuko mzazi aliyepata kumlea mtoto kwa mmoja bila ya kumwita wa pili amsaidie. Lakini kazi ya kumwepusha mtu na hatari si sawa na kazi ya kumfanya mtu kuwa mwema. Swali ninalotaka kulichunguza katika kurasa hizi ni hili: hofu ikikabidhiwa kazi ya pili, yaani kumfanya mtu kuwa mwema mbele ya Mungu na mbele ya wenziwe, je, yaiweza?

Swali hili ni kongwe na limekwisha kuulizwa katika nchi nyingi. Kwa hiyo nimelifunga mahali pamoja lisije likapotea angani. Mahali penyewe ni mkoa wa Njombe, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, pamoja na mji wa Makambako, ulio kiasi cha kilomita 60 kaskazini ya Njombe mjini. Nimechagua huko kwa sababu mbili. Kwanza, dini ya Kikristo imetia mizizi katika nchi ile, hata mafundisho ya kanisa huingia katika ndoa na msiba, na hufuatana na watu shambani na sokoni. Pili, huko mafundisho ya hofu yamekwisha kutiwa katika mizani ya uhai na mauti, na matokeo yake yaweza kutazamwa na kila mwenye macho.

Wamisionari wa Kilutheri wa Chama cha Berlin walifika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1891, na kabla ya karne ile kwisha walikuwa wamekwisha kupanda Ubena na kujenga vituo kama vile Kidugala na Yakobi. Wakatoliki nao walikuja kwa njia yao, na baadaye wakafuata Wapentekoste na makundi mengine ya walokole. Mapokezi hayakuwa ya amani tupu. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, misheni ya Yakobi ilishambuliwa. Hata hivyo, vita vilipokwisha watu wengi waliisikiliza Injili, na si vigumu kuona kitu kimoja kilichowavuta. Katika nchi ambamo mtu aliweza kuhofu mchawi, akahofu mizimu iliyokasirika, akahofu na jicho la jirani, ilikuwa habari njema kweli kweli kuambiwa kwamba yuko mmoja mwenye nguvu kupita hizo zote, na kwamba huyo ni Baba. Imani ilikuja, pamoja na mengine, kama kufunguliwa kwa mtu aliyefungwa na hofu.

Hapo ndipo penye jambo la kutafakari. Mtu akisimama leo pembeni ya mkutano wa Injili, penye vipaza sauti na umati wa watu, yamkini atasikia hofu ile ile ikirudishwa kwa mlango mwingine. Mchawi angali yupo, na pamoja naye yako mapepo na laana za ukoo. Juu ya hayo limeongezwa ziwa la moto, limeongezwa tisho la unyakuo, ambalo humfanya mtoto aliyerudi nyumbani asimkute mama yake adhani kwamba watakatifu wamekwisha kuchukuliwa naye ameachwa. Siwasemi wahubiri wote, wala silitaji dhehebu moja nikaliacha jingine. Maana katika kila dhehebu wamo wachungaji ambao hawajapata kumtisha mtu. Nasema juu ya namna fulani ya kufundisha, ambayo yaweza kukaa katika kanisa kubwa la matofali na yaweza kukaa chini ya turubai.

Namna hiyo hutambulika kwa swali moja. Muulize mtoto aliyefundishwa hivyo kwa nini asiibe viazi katika shamba la jirani. Akijibu kwamba ataingia motoni, litazame jibu lake vizuri. Limo neno juu ya moto, na limo neno juu ya yeye mwenyewe, lakini jirani hayumo. Yule aliyeinama katika baridi ya Njombe akalima matuta, akapanda, akapalilia, na ambaye watoto wake watalala na njaa viazi vikiibwa, hakutajwa kabisa. Mtoto huyu pengine hataiba, na jambo hilo ni jema. Lakini hakufundishwa kumwona jirani. Amefundishwa kujitazama yeye mwenyewe, na kumtazama yule awezaye kumwadhibu.

Haki hudai tuwasikilize na wale wanaoitetea hofu, kwa kuwa hoja zao si nyepesi. Wahenga wetu wenyewe waliisifu waliposema kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Tena yako mambo yanayoonekana. Katika Njombe na Iringa hugemwa ulanzi, pombe ya mianzi, ambayo wakati wa masika hupatikana kwa wingi na kwa bei ndogo. Tuseme yuko mwanamume aliyekuwa akinywa fedha ya chumvi na ada ya shule. Siku moja asikia mahubiri ya jehanamu, atetemeka, aacha ulanzi, na watoto wake wavaa sare. Nani atathubutu kumwendea mke wa mtu huyo akamwambia kwamba hofu iliyomshika mumewe ilikuwa mbaya?

Mimi sithubutu. Nakubali kwamba hofu huweza kuuzuia mkono. Ninachouliza ni habari ya mwaka wa pili na wa tatu. Hofu ni hali ambayo moyo hauwezi kuishi nayo daima. Huchoka nayo kama mwili unavyochoka na homa. Kwa hiyo mtu yule hupatikana na moja katika mambo matatu. Pengine huizoea hofu, ikakosa nguvu, akarudi kilabuni. Pengine huhitaji hofu kubwa zaidi kila mwezi, akawa mtu wa kukimbia kutoka mkutano hata mkutano, na mhubiri naye hulazimika kuuongeza moto kila mara. Au pengine, katika utulivu uliopatikana, huanza kumwona mkewe na watoto wake kama hakupata kuwaona zamani, na kuanzia siku hiyo haachi ulanzi kwa sababu ya jehanamu bali kwa ajili yao. Katika jambo hili la tatu wema umepatikana, lakini umepatikana hofu ilipokwisha kuondoka. Hofu ilikuwa kizingiti tu, na mtu hajengi maskani juu ya kizingiti.

Yafaa pia tutenganishe onyo na tisho, kwani mara nyingi watu huyachanganya. Mama anayemwambia mtoto asiguse chungu cha moto atoa onyo. Onyo hilo lina ukweli unaoweza kuchunguzwa, ni kwa faida ya mtoto, na hukoma kuwa na kazi mtoto akiisha kuelewa. Tisho haliko hivyo. Tisho halipendi kuchunguzwa, na anayeuliza swali huhesabiwa kuwa amekwisha kuanguka. Faida yake humrudia mwenye kutisha, ambaye hupata utii, na wakati mwingine hupata na sadaka. Wala tisho halikomi, kwa sababu aliyetishwa akielewa, utawala juu yake umekwisha. Dini haiwezi kuishi bila ya maonyo. Manabii wote walionya. Lakini dini iliyojaa matisho imejifanya mlinzi wa gereza.

Sasa natoka katika mifano ya viazi na ulanzi, naingia katika jambo zito zaidi. Makambako ni njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hukutana hapo na barabara iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, hupita hapo hapo. Malori hulala, wasafiri hulala, na katika wilaya za jirani mashamba ya chai na misitu ya mbao huwaita vibarua mbali na nyumba zao. UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, ulipofika nyanda hizi ulikuta njia iko wazi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 uliona kwamba asilimia 11.4 ya watu wazima wa Njombe waliishi na virusi. Utafiti wa mwaka 2022 na 2023 uliona asilimia 12.7, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 4.4. Hakuna mkoa mwingine wa Tanzania Bara uliokuwa na kiasi kikubwa kuliko hicho. Lazima niseme kwamba hesabu hii haisemi watu wa Njombe ni wabaya kuliko wengine. Tena kwa sehemu ni ushahidi wa dawa, kwa kuwa mtu atumiaye dawa huishi, na aliye hai huhesabiwa.

Maradhi haya yalipotokea, mimbari nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa na maelezo tayari: ni adhabu ya Mungu kwa wazinzi. Waliosema hivyo wengine walikuwa na nia njema. Walidhani kwamba hofu ya adhabu itawarudisha vijana katika uaminifu. Lakini hebu tufuate lile neno nyumbani kwa mtu. Mwanamke aliyeolewa, ambaye hakumjua mwanamume mwingine ila mumewe, agundua kwamba ana virusi. Kanisani amesikia kwamba ugonjwa huu ni fimbo ya Mungu kwa wazinzi. Basi afanye nini? Akisema, amejishitaki kwa kosa asilolitenda. Akinyamaza, hukosa dawa, au huzifuata katika kliniki ya mji mwingine asikojulikana, na siku nauli isipopatikana dozi hupita. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa aliyemfundisha kuficha ni nani?

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009, uliofanywa miongoni mwa waumini wa Kikatoliki, wa Kilutheri na wa Kipentekoste nchini Tanzania, uliona kwamba fedheha juu ya ugonjwa huu ilifuatana na imani kwamba ugonjwa ni adhabu ya Mungu. Uliona pia jambo la kutia moyo, kwamba wengi wa waumini hao walikuwa tayari kutumia dawa kama wangeambukizwa. Imani yenyewe, basi, haikuwa adui wa matibabu. Kilicholeta madhara ni fedheha, na fedheha ni hofu ya macho ya watu. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bila malipo katika mpango wa taifa mwaka 2004, na sheria ya mwaka 2008 ilikataza kuwabagua wanaoishi na virusi. Sasa yajulikana kwamba mtu anayetumia dawa vizuri hata virusi vyake visionekane katika vipimo hawezi kumwambukiza mwenzi wake kwa kujamiiana. Kwa hiyo usemaji wa kweli umekuwa kinga, na maficho yamekuwa njia ya maambukizo. Mafundisho yaliyokusudiwa kupunguza dhambi yamesaidia kuongeza mauti.

Jambo hili halihusu maradhi peke yake. Katika makanisa kadhaa nchini iko desturi ya kumtenga muumini aliyekosa, mpaka atubu hadharani na kurudishwa kundini. Desturi hiyo yaweza kuwa na hekima yake. Lakini nani hasa hutengwa? Mara nyingi ni msichana aliyepata mimba, kwa kuwa tumbo halifichiki. Aliyempa mimba aweza kuketi katika benchi lake Jumapili hiyo hiyo, na mwenye kupunja mizani ya viazi sokoni huketi karibu naye. Adhabu haikumfuata mwenye dhambi kubwa, imemfuata yule ambaye dhambi yake imeonekana. Na waumini wote waliokuwapo, wakubwa na wadogo, wamejifunza somo ambalo mchungaji hakulikusudia, nalo ni kwamba ubaya wa jambo ni kuonekana kwake.

Hapo ndipo nauona udhaifu mkubwa wa hofu katika ualimu wa wema. Haifunzi kuacha uovu, hufunza kuuficha. Wala si ajabu, maana katika kitabu cha Mwanzo Adamu alipohofu hakutubu, alijificha kati ya miti, na alipoulizwa alimsingizia mwenziwe. Hofu ya kwanza inayosimuliwa katika Biblia ilizaa maficho, na maficho yakazaa lawama.

Mtu aweza kunipinga kwa kusema kwamba Biblia hiyo hiyo yamwamrisha mtu kumcha Mungu, na kwamba Mithali hukuita kumcha Bwana mwanzo wa maarifa. Ni kweli, na hapa lugha yetu ina hazina ambayo yatupasa kuitumia. Kiswahili kina maneno hofu na woga, na kina pia maneno kicho na uchaji. Twasema mtu ahofu simba. Hatusemi amcha simba. Mwenye hofu hutaka kuwa mbali na anachokihofu. Mwenye uchaji hutaka kuwa karibu, ila hukaribia kwa adabu, kama mtoto mwema anavyoingia chumbani kwa babu anayempenda. Methali yetu husema kwamba mcha Mungu si mtovu. Haikusema mwoga wa Mungu. Mhubiri anayewajaza watu hofu na kuiita uchaji amebadilisha sarafu sokoni, akachukua dhahabu na kurudisha shaba. Tena waraka wa kwanza wa Yohana hufundisha waziwazi kwamba pendo likikamilika huifukuza hofu nje, kwa kuwa hofu huitazamia adhabu.

Hata mabingwa wa mahubiri makali walilijua hili. Mwaka 1741, huko Enfield, Connecticut, katika Amerika ya Kaskazini, Jonathan Edwards alihubiri juu ya wenye dhambi walio mikononi mwa Mungu aliyekasirika, na wasikilizaji walipiga kelele kwa hofu. Mahubiri hayo yamewapa mfano wahubiri wengi wa baadaye. Lakini Edwards huyo huyo, katika kitabu alichokitoa mwaka 1746, alifundisha kwamba kutetemeka na kulia si dalili ya kutosha ya neema, na kwamba pendo ndilo kiini cha dini ya kweli. Wengi walirithi sauti yake na wakaacha akili yake. Katika Uislamu pia, Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alizitia hofu na tumaini katika kitabu kimoja, ili moja isitengane na nyingine. Na Rabia wa Basra husimuliwa kuwa alibeba moto na maji, apate kuiunguza Pepo na kuizima Jahanamu, ili watu wamwabudu Mungu kwa ajili ya Mungu mwenyewe.

Madhara ya hofu huzidi pale inapoondoa hata uwezo wa mtu wa kupima maneno. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu nchini Uganda, mamia ya wafuasi wa kundi lililofundisha mwisho wa dunia waliteketea katika nyumba yao ya ibada. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi katika pwani ya Kenya, ilianza kufukuliwa miili ambayo hesabu yake ilizidi 400. Kiongozi wao, Paul Mackenzie, alishitakiwa kwamba aliwahimiza wafuasi wake wajinyime chakula hata kufa ili wakutane na Yesu, mashitaka ambayo aliyakana. Sisemi kwamba kila mahubiri ya moto huishia Shakahola. Kusema hivyo ni kuwadhulumu watu wengi wanyofu. Lakini nasema kwamba mtu aliyefundishwa tangu utoto kuwa shaka ni dhambi, na kwamba swali ni sauti ya shetani, hana chombo cha kumkatalia mwongo siku mwongo akija na Biblia mkononi.

Limesalia pingamizi moja. Watu wenye busara huuliza: tukiiondoa hofu, vijana hawatakwenda ovyo? Jibu langu ni kwamba hakuna anayetaka paachwe tupu. Onyo lenye ukweli libaki, na atendaye uovu aambiwe kwamba uovu una matunda. Mtoto anayejibu kwamba ataingia motoni aulizwe swali la pili, yaani jirani atakula nini. Toba ipewe njia isiyo ya fedheha, na anayeuliza asihesabiwe kuwa mwasi. Kazi hii ni ndefu kuliko kutisha, maana kumtisha mtu ni kazi ya saa moja, na kumfundisha kuwaona wenziwe ni kazi ya miaka.

Wala makanisa ya nyanda za Njombe si wageni wa kazi hiyo. Kanisa la Kilutheri lina hospitali Ilembula, na Wakonsolata wanayo Ikonda katika wilaya ya Makete, ambayo ni moja katika wilaya zilizoachiwa yatima wengi na UKIMWI. Katika wodi hizo mgonjwa haulizwi kwanza ametenda dhambi gani. Huulizwa anaumwa wapi. Swali hilo la pili limewatoa watu wengi katika maficho yao kuliko lile la kwanza, na wengi kati yao wako hai leo. Kanisa lililojua kuuliza hivyo kando ya kitanda laweza kujifunza kuuliza hivyo katika mimbari. Likifanya hivyo, halitakuwa limepunguza utakatifu wa Mungu hata kidogo, ila litakuwa limeacha kumwazima Mungu sura ya mtu wa kutisha.